Bia za ufundi na mageuzi ya teknolojia na usimamizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bia ya ufundi ni ipi hasa?

Ni bia inayopikwa na kiwanda kidogo ambacho wenyewe ndio wanaoamua kipikwe nini. Viungo vikuu ni vilevile vinne: maji, kimea cha shayiri, hopsi (maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu) na hamira. Chama cha wapishi wa bia cha Marekani, Brewers Association, kinakitambua kiwanda kuwa cha ufundi kikizalisha mapipa yasiyozidi milioni 6 kwa mwaka (pipa la huko lina lita 117 hivi), na ikiwa kampuni ya vileo isiyo ya ufundi haimiliki robo yake au zaidi. Mapipa milioni 6 si udogo wa kawaida. Kikomo kilikuwa milioni 2, kikapandishwa wakati kampuni ya Boston Beer ilipokuwa inakikaribia. Ndiyo maana mimi huanza kwa kuuliza nani mwenye mali, kisha ndipo naangalia ukubwa.

Harakati hizi zilianza vipi?

Mwaka 1965 Fritz Maytag alinunua kiwanda cha Anchor kule San Francisco kilipokuwa kinakaribia kufungwa. Mwaka 1976 Jack McAuliffe akaanzisha New Albion huko Sonoma, California. Hakuna aliyekuwa akiuza mitambo ya kiasi kidogo hivyo, kwa hiyo alijiundia yake, mingi ikiwa mabaki ya vifaa vya maziwa. Kiwanda chake hakikudumu hata miaka kumi, lakini waliokitembelea walirudi makwao wakijua kwamba jambo hili linawezekana.

Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao. Miaka miwili baadaye Ken Grossman alianza Sierra Nevada mjini Chico, naye pia kwa vifaa vya maziwa vilivyokwisha kutumika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika mia moja. Leo vimepita elfu tisa.

Sayansi ya bia si ya zamani? Wadogo wameongeza nini?

Ni ya zamani, na sehemu kubwa tunadaiwa shukrani na viwanda vikubwa. Emil Christian Hansen alitenga hamira safi katika maabara ya Carlsberg mwaka 1883. Kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi, ambacho leo kila mwanafunzi wa kemia anakijua, kilibuniwa na Sørensen katika maabara hiyohiyo mwaka 1909. Mwaka mmoja kabla, William Gosset, mfanyakazi wa Guinness, alichapisha kwa jina la "Student" njia ya kufanya hesabu za takwimu kwa sampuli chache, na watafiti duniani kote bado wanaitumia. Carl von Linde naye alifadhiliwa na wenye viwanda vya bia alipokuwa akitengeneza mitambo ya baridi.

Ila elimu yote hiyo ilihitaji jengo kubwa, maabara na wataalamu wenye shahada. Wadogo waliilazimisha ishuke. Hadubini ya kuhesabia seli za hamira, kipimo cha oksijeni na tangi la chuma lenye koti la baridi sasa vinakaa kwenye chumba kinachotosha magari mawili, na mtu mmoja anavitumia vyote. Hayo ndiyo mageuzi ninayoyathamini kuliko ladha yoyote mpya.

Kwa nini wapishi wa bia wanaiogopa sana oksijeni?

Kwa sababu inaua bia polepole, na mnywaji ndiye wa mwisho kujua. Bia iliyoingiwa na hewa hupoteza harufu ya matunda, kisha huanza kuwa na ladha kama boksi la karatasi lililolowa. Bia za ukungu zenye hopsi nyingi huumia zaidi: rangi yake ya dhahabu huchafuka ikawa ya kijivu au kahawia ndani ya wiki chache.

Simama karibu na mtambo mdogo wa kujaza makopo uone kazi ilivyo. Kopo tupu linapuliziwa kwanza gesi ya kaboni ili hewa itoke. Bia inaingia kutoka chini, polepole, ikiwa karibu na nyuzi sifuri. Inapofika juu, povu linapanda na kufurika kidogo ukingoni. Mgeni anaona bia inapotea, lakini povu hilo ndilo linaloisukuma hewa ya mwisho nje, na kifuniko lazima kikae juu yake kabla halijazama. Povu likishuka hata kwa upana wa kidole, kopo hilo linatolewa kwenye mstari. Wengi hulenga oksijeni isiyozidi sehemu 50 kwa bilioni katika kopo zima. Kipimo kinachoweza kusoma kiasi kidogo hivyo zamani kilikuwa mali ya viwanda vikubwa tu. Wadogo walipoanza kuuza bia isiyochujwa na isiyopashwa moto wa kuua vijidudu, hawakuwa na namna ila kukinunua, kukikodi au kukiazima kwa jirani.

Kopo lenyewe lina historia yake. Kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa chombo cha bia ya bei rahisi, hadi Oskar Blues wa Colorado walipoanza mwaka 2002 kujaza bia yao ya hopsi kwenye makopo kwa mtambo mdogo wa mkono. Halipitishi mwanga wala hewa, ni jepesi kusafirisha. Baadaye ikazaliwa biashara ya mitambo inayosafirishwa kwa gari: inafika asubuhi, inajaza, jioni inaondoka kwenda kwa mteja mwingine. Kiwanda kinapata makopo bila kununua mtambo.

Hopsi zimebadilisha nini kiufundi?

Mengi. Zamani hopsi ziliwekwa hasa kwenye sufuria inayochemka ili zilete uchungu. Aina ya Cascade, iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972 na kupewa sifa na Sierra Nevada, iliwafundisha watu kutafuta harufu ya machungwa na maua. Harufu hiyo hupotea na mvuke, kwa hiyo hopsi zikahamia kwenye tangi la bia baridi, mwisho wa uchachushaji, yaani hamira inapomaliza kugeuza sukari kuwa kilevi.

Hapo ndipo matatizo mapya yalipoanza. La kwanza ni la hatari kabisa: ukimwaga chembechembe za hopsi kwenye tangi ambalo bia yake tayari ina gesi, gesi inashikilia kila chembe na bia inalipuka juu kama chemchemi. Mtu aliye kwenye ngazi anaweza kuanguka. Viwanda vingi sasa hupitisha hopsi kwenye chombo cha pembeni chenye pampu, na Sierra Nevada walibuni silinda yao inayozungusha bia ndani ya hopsi kisha kuirudisha tangini.

La pili liliwashangaza wengi. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ndefu ambazo hamira ilikuwa imezishindwa. Hamira inaamka tena. Bia uliyodhani imekwisha inaongezeka kilevi, inaongezeka gesi, na inatoa kemikali yenye harufu ya siagi. Ikishafungwa kwenye kopo, kopo linaweza kuvimba. Wapishi waangalifu huchukua sampuli mbili kabla ya kuipoza bia: moja inafungwa na kuwekwa kwenye maji ya moto, nyuzi 60 na zaidi, kwa nusu saa hivi, nyingine inaachwa. Zikishapoa zote mbili zinanuswa. Ile iliyopashwa ikitoa harufu ya bisi zenye siagi, tangi halifunguliwi siku hiyo, hata kama wateja wanapiga simu.

Na hamira?

Upande huu unakwenda kwa kasi kuliko pengine pote. Kuna kveik, hamira za mashambani kutoka Norway zilizotunzwa na familia kwa vizazi, ambazo huchachusha vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40 za Selsiasi, joto ambalo lingeharibu bia kwa hamira nyingi nyingine. Anayezitumia huokoa umeme wa kupoza na siku kadhaa za tangi.

Kuna pia hamira zilizohaririwa jeni. Mwaka 2018 watafiti wa Berkeley, California, walichapisha kazi inayoonyesha hamira iliyorekebishwa ili itoe yenyewe harufu zinazofanana na za hopsi. Tangu hapo kampuni za hamira zimeleta sokoni aina zinazofungua harufu za matunda zilizofichwa ndani ya kimea chenyewe. Wako wanaozikataa. Mimi sioni kosa kuzitumia mradi mnywaji aambiwe ukweli, kwa kuwa hopsi zinakula maji na ardhi nyingi.

Hamira zisizoweza kula sukari kuu ya kimea nazo zinatumika kutengeneza bia isiyo na kilevi, bila kuhitaji mitambo ghali ya kuutoa. Kundi hilo la bia lilidharauliwa miaka mingi. Sasa viko viwanda, kama Athletic wa Connecticut, vilivyoanzishwa kwa ajili yake.

Vihisi, programu na akili mnemba vinasaidia kweli, au ni mtindo tu?

Vihisi vinasaidia. Kihisi ndani ya tangi kinachotuma kipimo cha sukari, joto na pH kila baada ya dakika chache kinamwonyesha mpishi kwamba uchachushaji umekwama saa nane usiku, badala ya kugundua kesho mchana. Programu za kufuatilia ghala na ushuru nazo zinaokoa saa nyingi za makaratasi.

Kuhusu akili mnemba, kazi ninayoiheshimu ilitoka Leuven, Ubelgiji, mwaka 2024. Watafiti walipima kemia ya bia 250 za Ubelgiji, zaidi ya sifa 200 kwa kila moja, wakakusanya maoni ya waonjaji waliofunzwa na tathmini zaidi ya 180,000 za wanywaji. Kisha wakafunza programu kutabiri bia ipi itapendwa, na walipoongeza kemikali zilizotajwa na programu kwenye bia ya dukani, waonjaji waliipenda zaidi. Nasisitiza jambo moja: programu ilijifunza kutoka kwa watu walioonja. Kiwanda kisichoweka kumbukumbu za uonjaji wake hakina cha kuifundisha.

Usimamizi umebadilika wapi zaidi?

Kwenye umbali kati ya mpishi na mnywaji. Kiwanda kikubwa kinauza kwa msambazaji, msambazaji anauza kwa baa au duka, na maoni ya mnywaji yanarudi baada ya miezi, yakiwa kwenye ripoti. Kiwanda cha ufundi chenye ukumbi wake wa kuuzia kinaona glasi inayorudi ikiwa nusu. Aliyepika anaweza kuwa ndiye anayemimina.

Umbali huo ukipungua hesabu pia zinageuka. Bia inayouzwa ukumbini haina gawio la msambazaji wala la muuzaji, kwa hiyo faida ya kila glasi ni kubwa zaidi kuliko ya kopo lililopelekwa mbali. Wengi waliokua haraka walisahau hesabu hii. Walinunua matangi makubwa kwa mkopo ili waingie madukani, wakakuta wanauza bia nyingi kwa faida nyembamba huku mkopo ukidai kila mwezi.

Kazi nazo zimechanganyika. Mtu mmoja anaosha matangi Jumatatu, anapika Jumanne, anajaza makopo Alhamisi. Anaielewa bia nzima, jambo jema sana. Lakini mwili unachoka, na uongozi usipoandika taratibu, maarifa yote yanaondoka siku mtu huyo akiacha kazi.

Je, wafanyakazi wananufaika kweli, au ni maneno mazuri tu?

Inategemea kiwanda, na tusifichane. New Belgium wa Colorado, waliofunguliwa mwaka 1991, waliwaonyesha wafanyakazi vitabu vya hesabu za kampuni, wakawapa hisa, hadi kufikia 2012 kiwanda chote kikawa mali yao. Wafanyakazi hao ndio waliokubali kuhamia umeme wa upepo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2019 walipiga kura kukiuza kwa kampuni iliyo chini ya Kirin ya Japani. Baadhi ya watu walilia usaliti. Mimi nakumbuka kwamba waliopiga kura walikuwa wenye mali halali, na wengi walipata akiba ambayo mshahara peke yake usingewapa.

Kwa upande mwingine, mwaka 2021 wanawake wengi wa sekta hii walijitokeza hadharani mtandaoni na kusimulia unyanyasaji waliotendewa viwandani. Yalikuwa mambo mazito. Viwanda vilivyojiona kama familia vilikuwa havina hata utaratibu wa kupokea malalamiko, na baadhi ya viongozi waliondoka. Udogo hauondoi haja ya kanuni za kazi zilizoandikwa, wala mtu wa kuzisimamia ambaye si rafiki wa mwenye kiwanda.

Kwa nini washindani wanasaidiana?

Wengi walianzia jikoni kwao, ambako kuulizana ndiyo ilikuwa shule. Mwaka 2006 viwanda viwili vya Marekani, Avery na Russian River, viligundua kwamba vyote vina bia inayoitwa Salvation. Badala ya kwenda mahakamani vilichanganya bia hizo mbili na kuziuza pamoja. Novemba 2018, baada ya moto mkubwa kuuteketeza mji wa Paradise karibu na Chico na kuua watu 85, Sierra Nevada walitoa kanuni ya bia moja na kuomba wenzao waipike, mapato yote yaende kwa waathirika. Viwanda zaidi ya 1,400 viliitikia, na wauzaji wa kimea na hopsi wakatoa mali bure.

Kuna faida ya kila siku pia. Tangi likipata bakteria, mpishi anayempigia jirani simu leo anaweza kuokoa matangi mengine. Mficha maradhi, kifo humfichua, na bia iliyoharibika ikishafika kwa mnywaji huwachafulia jina wote.

Kampuni kubwa zimeitikiaje?

Kwanza kwa kununua. AB InBev ilinunua Goose Island ya Chicago mwaka 2011 kwa dola milioni 38.8. Heineken ilichukua nusu ya Lagunitas mwaka 2015 na iliyobaki mwaka 2017. Constellation Brands ililipa dola bilioni 1 kwa Ballast Point ya San Diego mwaka 2015, kisha miaka minne baadaye ikaiuza kwa kiwanda kidogo cha Illinois ambacho wengi hawakuwa wamekisikia. Nadhani mnunuzi alilipia kasi ya kukua, na kasi hiyo ilitoka kwa wanywaji waliopenda kwamba kiwanda hakikuwa cha wakubwa.

Pili kwa kujifunza. Mitambo iliyojengwa kutoa bia moja usiku na mchana haiwezi kubadilishwa kila wiki bila hasara, kwa hiyo wakubwa wameweka viwanda vidogo vya majaribio pembeni, na wameruhusu timu ndogo kujaribu bia ambazo zisingepita kwenye kikao cha masoko.

Vipi kuhusu mazingira?

Mfano ninaoupenda ni wa Alaskan Brewing, Juneau. Mji huo hauna barabara ya kuuunganisha na miji mingine, na machicha ya kimea yalilazimika kukaushwa na kusafirishwa kwa meli hadi kusini yakawe chakula cha mifugo. Mwaka 2008 waliweka mtambo wa kuyakamua kwa mgandamizo, unaotumia nafaka na maji kidogo. Mwaka 2012 wakawasha boila inayotumia machicha hayo kama kuni, na mvuke wake ndio unaopika bia inayofuata. Tangu 1998 wanakusanya pia gesi ya kaboni inayotoka kwenye hamira, kwa sababu kuileta kwa meli ni gharama. Siku hizi mitambo ya kunasa gesi imefika kwenye ukubwa wa friji, na viwanda vya kawaida vinaweza kuimudu.

Serikali zina mkono gani?

Mkono wa ushuru. Uingereza ilipunguza ushuru kwa nusu kwa viwanda vidogo mwaka 2002, na idadi yao ikapanda. Marekani ilishusha ushuru wa shirikisho hadi dola 3.50 kwa pipa kwa mapipa 60,000 ya kwanza ya viwanda vidogo, kwanza kwa muda kuanzia 2018, kisha kwa kudumu mwishoni mwa 2020.

Mbona viwanda vingi vinafungwa sasa?

Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, vilivyofungwa Marekani vilizidi vilivyofunguliwa. Kimea, makopo, umeme na riba vimepanda, na vijana wengi wanakunywa kidogo. Hata Anchor, kile cha Maytag, kilisimama mwaka 2023 kikiwa chini ya Sapporo, kabla ya kununuliwa tena mwaka uliofuata. Habari ile iliniuma. Wanaobaki wazi kwa kawaida ni wale wanaojua gharama ya kila glasi, pamoja na bia inayomwagika, maji ya kuoshea na saa za anayeosha.

Nataka kuanza. Nitumie pesa wapi kwanza?

Kwenye usafi na vipimo, kabla ya jina, nembo au tangi la pili. Nunua kipimo cha sukari, kipimo cha pH, hadubini ya bei ya kati na dawa sahihi za kuoshea. Fungua daftari. Pika kanuni moja mara kumi, andika kila namba, na mpe mtu asiyekujua glasi ya mpiko wa kwanza na wa kumi bila kumwambia ipi ni ipi. Akiweza kuzitofautisha, rudi kwenye daftari utafute ni namba ipi ilibadilika.